Mitandao Mitatu na Jibu la Mwanakhamis

Burhani aliiangalia simu, na simu nayo ikamwangalia. Uso wake ulijaa kwenye kioo, ukubwa wa picha ya pasipoti: ndevu zenye mvi, kofia ya viua iliyokaa upande, na nyuma yake kabati za duka lile la ghorofa ya tatu, mtaa wa Xiaobei mjini Guangzhou, zilizosheheni simu mpaka darini. Akatabasamu. Uso wa kwenye kioo ukatafakari kidogo kabla ya kutabasamu. Mwanamke muuzaji akachukua simu ya pili, akatoka nayo mpaka kwenye lifti, na punde uso wa Burhani ukaondoka kiooni, ukaja wa yule mwanamke, akipunga mkono na kupiga kelele kwa furaha ambayo alikuwa ameiuza mara nyingi siku hiyo.

"Keyi, laoban, keyi!" Inawezekana, bosi, inawezekana.

Burhani hakuwa mgeni wa simu. Kwa miaka sita alikuwa akizifunga kwa katoni na kuzisafirisha Kariakoo, na kipimo chake kilikuwa kile kile cha Waswahili wote wa mtaa ule: unaichomoa laini ya nyumbani kwenye pochi, unaipachika, unasubiri. Jina la mtandao likitokea, lenye alama ya kwamba uko ugenini, basi simu hiyo itashika na Dar. Ikikaa bila kitu, meiyou, hakuna biashara, unarudisha mezani na kusonga duka la pili. Kipimo hicho hakikuwahi kumwaibisha. Siku ile jina la mtandao lilitokea hata kabla hajakaza mfuniko. Akanunua simu mbili tu, hizo za kuonana. Moja akaitia mfukoni, nyingine akampa Chausiku, muuza mitandio wa Tandika aliyekuwa akisafiri kesho yake, amfikishie mdogo wake Khalid, Magomeni.

Simu zile hazikuwa za biashara. Zilikuwa za kumwona Mwanakhamis akijibu swali.

Mwanakhamis, binti yake wa pekee, alikuwa na miaka ishirini na miwili na hakuwa na kumbukumbu ya sauti yoyote. Homa ya uti wa mgongo ilimpitia akiwa na miezi minane, ikamwachia uhai na kuondoka na masikio. Mama yake alifariki binti akiwa na miaka tisa, akalelewa na shangazi yake, Bimdogo. Yeye na baba yake walikuwa na ishara zao za nyumbani: kula, njoo, maji, umeme umekatika, na ile ya kuvuta kidevu ambayo ndiyo ilikuwa jina la Burhani. Kwa jumla zilikuwa ishirini, tukizihesabu kwa ukarimu. Kisha akapelekwa shule ya viziwi ya bweni, na huko akaipata lugha ya alama, lugha kamili yenye utani wake na matusi yake, na kila likizo alirudi na mikono yenye kasi zaidi. Burhani alikusudia kujifunza. Alikusudia mwaka hadi mwaka, na kila mwaka ulikuja na safari zake.

Sasa binti alikuwa fundi cherehani, na ilikuwa imekuja posa. Mposaji aliitwa Murshid, fundi wa viyoyozi huko Muscat, aliyekuwa nyumbani kwa likizo ya wiki sita na kumwona Mwanakhamis kwenye kibaraza chake cha ushonaji. Watu wawili walikuwa wamekuja kabla yake. Wote wawili walivutiwa na sura, wakaelezwa habari ya masikio, wakasema watarudi, na hadi leo wako njiani. Murshid yeye alielezwa na hakutikisika. Likizo yake ilikuwa ikiisha Jumapili. Familia ilitaka ndoa ifungwe Ijumaa baada ya sala, na walii wa binti, ambaye ni Burhani, alikuwa Guangzhou, pasipoti yake iko ofisini ikiongezewa viza hadi Jumanne ya wiki ya pili.

Khalid alikuwa amepiga simu wiki moja kabla, sauti yake ikiwa na ule uchangamfu wa mtu aliyemaliza kazi ya mwenzake.

"Kaka, mambo yamekwisha. Jana tumemkalisha chini, mimi na sheikh wa mtaa na Dada Bimdogo. Bimdogo akamwuliza kwa mikono. Mtoto akainamisha kichwa, kimya. Sheikh akasema alhamdulillahi, mwanamwali akiulizwa akanyamaza, kunyamaza kwake ndiyo idhini yake. Imebaki wewe tu useme neno."

Burhani alikaa kitandani. Chini dirishani wapagazi walikuwa wakiburura marobota ya nguo.

"Khalid," akasema, "mwanangu ni kiziwi. Amenyamaza tangu ana miezi minane."

"Kaka, usinichanganye."

"Nakuuliza. Mlijuaje kwamba kimya kile ni cha idhini, si kimya chake cha kila siku?"

"Tulimpa na kalamu aandike. Akaiweka mezani."

"Na kuweka kalamu mezani nako ni kukubali?"

"Kaka Burhani, wallahi unanichanganya."

Burhani hakuwa na ugomvi na sheria ya dini. Mama yake aliolewa kwa kunyamaza, na marehemu mkewe vilevile. Yeye mwenyewe alikuwa nje ya mlango siku ile, anasikia kimya kile, na hajasahau namna moyo ulivyomruka. Ni mila ya kumsitiri mwali asilazimike kutamka. Lakini kimya cha mtu anayeweza kusema kina uzito, na kimya cha Mwanakhamis kilikuwa hewa aliyokuwa akiivuta. Alijaribu kumweleza Khalid tofauti hiyo, maneno yakagombana mdomoni mwake. Akasema walau aitwe mwalimu wa shule ya viziwi awe mkalimani. Khalid akauliza tangu lini mambo ya ndani ya nyumba yakafunuliwa mtu baki, na Burhani, kwa aibu yake, akaona mdogo wake ana haki.

Kesho yake ukaja ujumbe kutoka simu ya Bimdogo: "Baba nimeridhia kwa moyo mkunjufu. Mimi Mwanakhamis." Burhani aliusoma mara nyingi. Binti yake akiandika, aliyapanga maneno kwa mpangilio wa mikono yake: Baba lini wewe kuja, mimi nguo shona nyingi. Huo moyo mkunjufu ulikuwa wa Bimdogo toka utosini hadi kisiginoni. Lakini je, kama Mwanakhamis alimwomba shangazi amwandikie vizuri, kama watu wengi wafanyavyo kwa jambo kubwa? Walijaribu kuonana kwa kompyuta ya mkahawa wa intaneti, na picha ilikuja kwa vipande: mkono ulianza neno, ukaganda, ukaja kuonekana umekwisha rudi mapajani. Ndipo akasikia habari za simu za kuonana, akanunua mbili, akazipima kwa kipimo chake.

Chausiku alifikisha simu Jumatatu. Jumanne Khalid akapiga. Simu inashika, alisema. Inapiga, inapokea, ujumbe unafika. Picha ndiyo haitaki.

Burhani alirudi dukani na moto. Mwanamke muuzaji akaipokea simu yake kwa upole, akachukua ya pili kutoka kabatini, akatia laini zake, akatoka mpaka kwenye lifti. "Keyi!" Uso wake huo hapo, unacheka. Burhani akatia laini ya Dar. Jina la mtandao hilo hapo. Kila kitu kilikuwa kizima, na kitu chenyewe hakikuwepo. Alisimama katikati ya duka akihisi kwamba ama yeye ni mjinga, ama dunia nzima imekubaliana kumfanya mjinga, na hakujua lipi linauma zaidi.

Aliteremka mpaka barabara ya Huanshi Zhonglu, kwenye mkahawa wa Waislamu wa Kichina wanaovuta tambi kwa mkono, na huko akamkuta Elinami. Huyu alikuwa Mpare wa Same, kijana wa miaka ishirini na saba, mwanafunzi wa shahada ya uzamili katika mawasiliano ya simu, aliyekuja pale kwa sababu bakuli lilikuwa kubwa na bei ndogo. Wafanyabiashara walimwita msomi, nusu kwa heshima na nusu kwa kumtania viatu vyake.

"Shikamoo, Mzee Burhani."

"Marahaba. Kaa hapa, msomi. Niambie, hii 3G ni kitu gani?"

Uso wa Elinami ulichangamka. Huenda lilikuwa ndilo swali alilotamani kuulizwa tangu siku aliyopewa ufadhili. Akazivuta karibu chupa tatu zilizokuwa mezani, siki, pilipili na mchuzi wa soya.

"Mwaka huu, mzee, Wachina wametoa leseni tatu kwa mpigo, na kila kampuni imepewa kiwango chake. Siki hii ni TD, waliyoitunga wenyewe hapa. Pilipili ni W, imetoka Ulaya. Soya ni CDMA, ya Wamarekani. Zote tatu ni kizazi cha tatu, zote zinaandikwa 3G kwenye boksi, na hakuna hata moja inayoelewa inachosema mwenzake."

"Nyumbani tuna ipi?"

"Kwa hiyo ya picha, nyumbani ni pilipili."

"Na mimi nimenunua ipi?"

Elinami akaigeuza simu, akatoa betri, akasoma karatasi iliyobandikwa ndani. Akaisoma mara ya pili, kwa huruma.

"Siki, mzee."

"Lakini laini yangu ya Dar imeshika! Nimeiona kwa macho yangu."

"Imeshika kizazi cha pili. Simu hizi zimebeba kizazi cha pili ndani yake, cha akiba. Zikikosa mtandao wake zinashuka huko. Ukipiga unasikika, ukiandika unafika. Picha ndiyo haishuki."

"Na pale dukani tulipoonana?"

"Pale ilikuwa siki kwa siki."

Burhani aliziangalia chupa. Alikuwa mtu wa hesabu za haraka, mwenye kujua uzito wa katoni kwa kuitazama, lakini chupa zile tatu zilimshinda.

"Kwa nini wasikubaliane moja?"

Elinami aliirudisha siki mahali pake. "Kila anayetunga kiwango anataka wengine walipe kukitumia," alisema. "Na kuna fahari. Na kuna sababu za kitaalamu, ambazo kila upande unazo zake, na ukizisoma za upande mmoja unaona wana haki, ukisoma za wa pili unaona wana haki."

"Na andiko lako wewe linasema nani ana haki?"

"Andiko langu ni la kizazi cha nne, mzee."

"Cha nne! Hamjamaliza kugombania cha tatu?"

"Cha nne kina pande mbili. Kuna WiMAX na kuna LTE. Mwaka jana profesa wangu aliniambia WiMAX ndiyo kesho ya dunia, nikaandika kurasa sabini. Mwaka huu ananiuliza kwa nini sijaandika juu ya LTE." Elinami alicheka, lakini kicheko kilimwishia njiani. "Wakati mwingine naamka sijui nasomea nini."

Burhani alimpenda kwa kukiri hivyo. Akamweleza basi, bila kuficha: posa, sheikh, kalamu iliyowekwa mezani, ujumbe wenye moyo mkunjufu. Elinami aliisikiliza habari yote bila kugusa tambi zake. Alikuwa Msabato na hakujua mambo ya walii, ila alikuwa na dada.

"Mtandao wa W umefunguliwa hapa mwezi uliopita tu," akasema. "Minara bado michache. Bwenini kuna mwenzangu mwenye simu yake, nitaazima. Laini nitaandikisha kwa jina langu. Lakini Dar lazima awepo mtu mwenye simu ya W yenye kamera ya mbele. Na mitandao miwili iwe imekubaliana kupitishiana picha. Kwenye vitabu inawezekana."

"Na nje ya vitabu?"

"Nje ya vitabu sijui, mzee."

Burhani alimpigia Khalid pale pale. Khalid akasema anamjua mtu mmoja tu mwenye simu ya namna hiyo, na mtu huyo yuko naye barazani. Alikuwa Murshid. Aliitoa Muscat.

Burhani hakuwa ametarajia hilo, na mara sauti ya Murshid ilikuwa sikioni, nzito na ya taratibu.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba."

"Simu ni yako, baba. Sina kizuizi. Niseme kweli, na mimi nataka kujua. Nilimwuliza mara mbili, kwa kuandika. Mara ya kwanza alicheka. Mara ya pili alitokwa na machozi. Sijui lipi ndilo jibu, nikaona haya kuuliza ya tatu."

Burhani alimshukuru, akakata. Alitamani kijana yule angekuwa mjivuni au mlaghai, kwani kumkataa mlaghai ni kazi nyepesi. Huyu alisikika kuwa mwema, na wema wake ulizidi kumvuruga. Akimkatalia, na kumbe binti alikuwa amekubali, atakuwa ameizamisha bahati ya mwanawe kwa mikono yake, na hakuna wa nne atakayekuja. Akimkubalia, na kumbe machozi ndiyo yalikuwa jibu? Aliogopa. Alikuwa na miaka hamsini na minne, amepita bandari na forodha za kila aina, na hakukumbuka kuwahi kuogopa namna ile.

Siku ya Alhamisi, saa tisa alasiri, ambayo Dar ni saa nne asubuhi, walipanda daraja la waenda kwa miguu linalovuka barabara pale Xiaobei. Elinami alikuwa amezunguka mtaa mzima tangu asubuhi na simu ya kuazima, anatafuta mahali mnara unaposhika vizuri, na mahali penyewe palikuwa katikati ya daraja, karibu na mwanamke aliyetandaza mifuko ya simu juu ya kitambaa. Magari yalinguruma chini yao. Kelele haikuwa na madhara. Shughuli waliyoijia haikuhitaji sikio.

Burhani alikuwa amekwama tangu jana yake kwenye jambo ambalo hakuna kampuni ingemsaidia. Alisimama mbele ya kioo cha bafuni akitafuta namna ya kuuliza, kwa ishara zake ishirini, unamtaka mtu huyu? Alikuwa na kula, alikuwa na njoo. Alikuwa na umeme umekatika. Kutaka hakuwa nako. Kwa miaka ishirini na miwili hakuwahi kumwuliza mwanawe anachotaka kwa namna iliyohitaji alama yake, alikuwa akileta tu. Aliona aibu mbele ya uso wake mwenyewe, akazima taa ya bafu, akatoka. Mwisho alichana kifuniko cha katoni na kuandika kwa kalamu ya wino mzito. Aliandika swali lote, na Elinami akamwambia herufi zitafifia, picha ni ndogo, achague neno moja. Akageuza upande wa pili, akaandika: UNAMTAKA?

Mara ya kwanza simu haikuita. Mara ya pili iliita na kukatika. Elinami alipangusa kijasho cha pua, akanong'ona kitu kwa Kipare kilichofanana na sala. Mara ya tatu kioo kikawa cheusi, kikawa kijivu, na katika kijivu kile kikatokea kitambaa cha kanga, kikacheza, kikapanda juu, na Mwanakhamis akawa mbele ya baba yake.

Burhani alisahau ubao wake wa katoni. Alivuta kidevu, yaani ni mimi, na binti kule akacheka bila kuficha meno, akavuta kidevu chake naye. Amekonda, aliwaza. Au ni picha? Nyuma yake alionekana Bimdogo amekaa wima, na ukingo wa kanzu nyeupe ambayo bila shaka ilikuwa ya sheikh. Khalid alikuwa akipita huku na huko. Murshid hakuonekana, na ilimchukua Burhani muda kuelewa kwa nini. Mwanakhamis alihitaji mikono yote miwili, kwa hiyo mtu lazima amshikie simu, na mwenye kujua kuishika simu ile alikuwa Murshid mwenyewe. Kidole chake kilifunika pembe ya picha.

"Ubao, mzee," Elinami akamkumbusha, naye akiishikilia simu ya huku kwa mikono miwili. "Muda."

Burhani aliuinua ubao hadi kifuani. Mwanakhamis alisogea karibu, akafinya macho, midomo ikafuatisha herufi. Kisha akarudi nyuma, akakaa sawa. Alikaa vile kwa muda, viganja juu ya mapaja, na Burhani akasikia kutoka kule sauti ya sheikh, hafifu lakini yenye kuridhika, ikisema, "Mmeona? Vilevile."

Hapo mikono ikaondoka mapajani.

Alianza polepole, kisha akaenda. Alisema kwa vidole, kwa ngumi, kwa nyusi, kwa mabega. Aligusa kifua chake, alionyesha mlango, alionyesha juu, alirudi kwenye kifua. Picha haikuganda hata mara moja. Minara ya pande mbili za dunia ilikuwa imeelewana siku ile, ikampelekea Burhani kila kidole cha mwanawe kikiwa kizima, na Burhani hakuelewa. Alilishika neno moja, jina lake, kidevu kilichovutwa. Likapita. Akalishika tena. Kulikuwa na alama moja iliyorudi mara nne, labda tano: ngumi mbili zinagongana, halafu viganja vinafunguka kuelekea nje. Kila ilipokuja, uso wa binti ulibadilika, ila si kwa namna ambayo baba angeweza kuapa kuwa ni furaha au ni hasira. Na macho yake! Mara yalikuwa kwa Burhani, mara yalipanda kidogo juu ya simu, kwa yule aliyeishika. Alikuwa anaongea na nani? Alikuwa anamwambia baba habari za Murshid, au anamwambia Murshid mbele ya baba? Burhani alitikisa kichwa, akanyanyua mikono mitupu, akaishusha, akainyanyua tena. Machozi yalimtoka pale darajani, wapita njia wakimkwepa. Hakuyafuta, kwa kuhofia kwamba mkono wake ungesema kitu asichokusudia.

Mwanakhamis alimwona. Alisimamisha mikono, akamtazama baba yake kwa makini sana, kama mama anavyomtazama mtoto aliyeanguka kuona kama ameumia. Akaanza upya, polepole zaidi. Ngumi mbili, viganja.

Kioo kikawa kijivu. Kikawa cheusi.

Elinami alipiga tena na tena. Haikurudi. Alipokata tamaa alibaki ameishika ile simu kifuani, hajui ampe mzee au aitie mfukoni.

"Uliona ulichokuwa unataka?" akauliza.

"Nimeona kila kitu," Burhani alisema. "Sijaelewa kitu."

Simu yake mwenyewe, ya kizazi cha pili, ikaita. Alikuwa Khalid, na nyuma yake nyumba nzima ilikuwa ikisema kwa wakati mmoja.

"Kaka, alhamdulillahi! Umemwona? Bimdogo anasema ni ndiyo."

"Bimdogo ameelewa yote yale?"

"Anasema mengine ni ya shuleni, hayajui. Lakini kwa jumla ni ndiyo."

"Na Murshid?"

"Murshid amemwachia mtoto simu yake, ametoka nje. Amekaa barazani. Nimemwuliza, anasema hajui." Khalid alishusha sauti. "Kaka, watu wamekwisha alikwa. Mchele umekwisha nunuliwa. Sheikh yuko hapa anasubiri neno lako. Niseme mtoto ameridhia?"

Burhani alitazama chini ya daraja. Lori lililojaa marobota lilikuwa limekwama kwenye foleni, na dereva alikuwa ametoa mguu dirishani.

"Alichosema sikijui," akasema. "Lakini hakunyamaza, Khalid. Ulikuwepo. Mwambie sheikh, na yeye alikuwepo. Mwanangu ameulizwa na hakunyamaza."

"Kwa hiyo ni hapana?"

"Sikusema hapana."

"Kaka Burhani..."

"Kesho hakuna ndoa. Mwambie Murshid simkatai, na kama anaweza kunisubiri anisubiri, na kama hawezi simlaumu. Na yule mwalimu wa shule, nitafutie namba yake. Si kwa ajili ya Mwanakhamis. Kwa ajili yangu."

Alisikia Bimdogo akilia, au akicheka, kutoka mbali hakuweza kupambanua. Khalid akasema atapiga baadaye, na sauti yake haikuwa tena ya mtu aliyemaliza kazi. Burhani alijua kwamba jioni hiyo, barazani Magomeni, jina lake lingetafunwa hadi mfupa. Alijua pia kwamba Jumapili ndege ya Muscat ingeondoka, na huenda ikaondoka na furaha ya mwanawe ndani. Hofu yake ilikuwa pale pale, haikupungua hata chembe.

Elinami aliokota ubao uliokuwa umeanguka, akaukunja. Alitaka kusema jambo la faraja, na kwa kuwa alikuwa mkweli hakulipata. Wakaagana kwa mikono miwili, msomi akarudi kwenye kurasa zake sabini.

Burhani alibaki kidogo. Kisha, akiwa ameegemea chuma cha daraja, alizikunja ngumi zake mbili, akazigonganisha, akafungua viganja kuelekea nje. Haikuwa sawasawa, vidole vyake vilikuwa vinene na vizito. Akarudia. Mwanamke muuza mifuko ya simu alimtazama, naye akamtazama, na mikono haikusimama. Aliteremka ngazi akiirudia, akapita katikati ya wapagazi na madalali akiirudia, asije akaisahau kabla ya kufika nyumbani, wala hakujua kama alikuwa akiwaambia watu wa Huanshi kwamba ndiyo, au kwamba hapana.